Aliyetangulia Ndiye Achaguaye

Wanapokutana askari wawili wenye tepe sawa, ambao hawajapata kuonana, mazungumzo hayaendi mbali kabla mmoja wao hajauliza: "Wewe uliingia lini?" Swali hilo huulizwa kwa upole, pengine kwa utani, lakini jibu lake lina uzito. Likishatolewa, mmoja hunyosha mgongo kidogo, na mwingine huanza kumwita mwenzake afande. Cheo ni kimoja na mshahara ni mmoja, lakini tarehe ni mbili, na tarehe iliyotangulia ndiyo yenye neno.

Mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari kutoka Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, swali hilo hilo lina sura nyingine. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyo kando ya ziwa la jina hilo, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndiyo ya kale kuliko yote nchini Uganda. Walitangulia Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, kila kundi na vita vyake nyuma. Leo hapo pana watu zaidi ya 200,000. Polisi aliyepangiwa lindo Nakivale hujifunza upesi kwamba hapo pia watu huulizana: ulifika lini? Aliyefika mapema alipata shamba pana na karibu na maji. Aliyefika nyuma hupewa kiwanja kidogo zaidi, kwa kuwa ardhi haiongezeki ilhali watu wanaongezeka. Hakuna aliyempendelea wa kwanza, wala hakuna aliyemchukia wa mwisho. Ni tarehe tu.

Lakini iko kazi moja ambayo tarehe imeitawala kuliko jeshi na kuliko makazi ya wakimbizi, nayo ni kazi ya rubani wa ndege za abiria. Mtu aliyesimama chini akitazama juu humdhania rubani kuwa ndiye mtu huru kuliko wote: leo yuko London, kesho Mumbai, keshokutwa Dubai. Ukweli ni kwamba wako watu wachache duniani ambao maisha yao yamefungwa kwa kamba ya foleni kama yeye. Yafaa askari aijue foleni hiyo, si kwa sababu tu watoto wake huenda wakaitamani kazi hiyo, bali kwa sababu yale yaliyowapata marubani kuhusu utangulizi kazini yanafanana mno na yanayotupata sisi wa magwanda. Tena, kama tutakavyoona, siku moja jambo hili lilipita karibu sana na kambi ya Simba mjini Mbarara.

Siku kijana anapoajiriwa na shirika kubwa la ndege, hasa nchini Marekani ambako desturi hii imetia mizizi, hupewa namba. Kama shirika lina marubani 5,000, yeye ni wa 5,001. Namba hiyo haitazami chuo alichosoma, wala saa alizokwisha kuruka kwingineko, wala kama aliwahi kuwa rubani wa kivita mwenye nishani kifuani. Inatazama siku ya kuajiriwa, basi. Tangu hapo hupanda kwa njia moja tu, yaani walio mbele yake wapungue: wastaafu, waache kazi, waugue wasiweze kuruka tena, au wafe. Hawezi kumruka aliye mbele yake hata kwa ustadi, na aliye nyuma yake hawezi kumruka yeye hata kwa fitina.

Na namba hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Inaamua atarusha ndege gani, ndogo ya safari za karibu au kubwa ya kuvuka bahari. Inaamua atakaa kiti cha kulia kama rubani msaidizi mwenye tepe tatu, au cha kushoto kama rubani mkuu mwenye tepe nne. Inaamua kituo chake kitakuwa mji gani, likizo yake itakuwa mwezi gani, na kila mwezi, ratiba inapotolewa, nani achague safari kwanza. Mambo ya shirika yakiharibika ikalazimu kupunguza watu, orodha hiyo hiyo husomwa kuanzia chini kwenda juu: aliyeingia mwisho hutoka kwanza.

Hebu tumtazame rubani wa chini katika mwezi wake mmoja. Hana ratiba, ana zamu ya akiba. Maana yake ni kwamba hukaa na simu mkononi, begi limefungwa, sare imepigwa pasi, akingoja kuitwa kujaza nafasi ya mgonjwa au aliyechelewa. Hawezi kwenda mbali, hawezi kunywa hata glasi moja ya bia, hawezi kumwahidi mtoto kwamba Jumamosi watakwenda ziwani. Sikukuu za Krismasi na Idi humkuta kazini, kwa sababu walio juu yake wamekwisha kuzichagua siku hizo kuwa za mapumziko. Kituo alichopangiwa huwa mara nyingi ni mji ambao waliomtangulia hawakuutaka, ambao kwa kawaida ni mji wenye maisha ghali. Basi marubani wa namna hiyo hukodi nyumba moja kwa pamoja, wakaweka vitanda vya juu na chini, wakawa wanalala humo kwa zamu kama makuruta bwenini. Abiria anayemwona kijana huyo uwanjani, kofia kichwani na tepe zinang'aa, hadhani kwamba ametoka kwenye kitanda cha juu ambacho usiku uliotangulia alilala mtu mwingine.

Mwenzake wa juu huishi katika dunia nyingine kabisa. Sheria za Ulaya haziruhusu rubani apite saa 900 za kuruka kwa mwaka, na za Marekani saa 1,000. Rubani mwenye namba nzuri huzitimiza saa zake kwa safari ndefu chache: mara tatu au nne kwa mwezi huvuka bahari, kisha siku zinazobaki yuko nyumbani akitunza ng'ombe wake, kama ni mtu wa Ankole, au akilima. Mshahara wake ni mkubwa zaidi kwa sababu ndege kubwa hulipa zaidi. Watu hawa wawili wana leseni ya aina moja, wamefaulu mitihani ile ile, na pengine yule wa chini ana mikono hodari zaidi. Kinachowatenga ni miaka.

Liko jambo moja hapo litakalomshangaza askari. Wapo marubani wasaidizi ambao hukataa kupandishwa cheo. Ndiyo, wanakataa tepe ya nne! Sababu ni kwamba rubani msaidizi aliye juu kabisa ya orodha ya wasaidizi huchagua safari na likizo kama mfalme. Akikubali kuwa rubani mkuu ataanguka hadi chini ya orodha ya wakuu, arudi kwenye zamu ya akiba na simu mkononi. Wengine husubiri miaka kadhaa, mpaka watoto wawe wakubwa, ndipo waombe kiti cha kushoto. Sijui sajini gani atakayewaelewa watu hawa, lakini mkewe huenda akawaelewa.

Mtu anaweza kuuliza: utaratibu huu wa kijinga aliutunga nani? Kwa nini asipandishwe aliye hodari? Jibu ni kwamba marubani wenyewe ndio walioutaka. Katika miaka ya mwanzo ya usafiri wa anga, mabosi waligawa safari kama walivyopenda. Rubani aliyelalamika kwamba hali ya hewa ni mbaya alinyimwa safari nzuri. Aliyekubali kuruka katika ukungu alipewa. Marubani wa Marekani walipounda chama chao mwaka 1931, walipigania pamoja na mengine orodha isiyoweza kuchezewa na mtu. Walijua kwamba rubani anayeogopa kupoteza kula yake kwa sababu ya kusema "leo siruki" ni hatari kwa abiria wote.

Tena ubora wa rubani si jambo rahisi kupima. Mwindaji hupimwa kwa nyama na mchezaji kwa mabao. Rubani mzuri ni yule ambaye safari zake hazina habari. Kila baada ya miezi michache huingizwa katika mtambo wa mfano wa ndege, akawashiwa moto wa kubuni katika injini, akaonekana kama anafaulu au hafaulu. Akifaulu, amefaulu, hakuna anayeandika kwamba amefaulu kuliko jirani yake. Kwa kuwa wote waliomo wamefaulu, kimebaki kipimo kimoja ambacho hakuna mjomba wala shangazi wa mtu anayeweza kukipinda, nacho ni kalenda. Hata walioajiriwa siku moja wamewekewa kanuni: katika mashirika mengine aliyezaliwa kwanza hutangulia, na katika mengine hutazamwa tarakimu za mwisho za kitambulisho. Mtu anaweza kuwa chini ya mwenzake kwa miaka 30 kwa sababu ya tarakimu moja.

Si kila mahali pana ugumu huo. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu hakuna vyama vya wafanyakazi, na sauti ya kampuni ni kubwa zaidi. Huku kwetu Afrika Mashariki utangulizi huchanganywa na mitihani na mahitaji ya kazi. Lakini hata pale ambapo orodha haikubandikwa ukutani, kila rubani anaijua kwa moyo, kama kila askari anavyojua nani aliingia katika mkupuo gani.

Orodha ya namna hii ni dhaifu mahali pawili. Pa kwanza ni pale mlango wa kutokea unapofungwa. Kwa miaka mingi rubani wa abiria alitakiwa kustaafu akiwa na miaka 60. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipandisha umri huo hadi miaka 65, na Marekani ikafuata Desemba 2007. Wazee walishangilia. Vijana waliokuwa wamehesabu mwaka wa kuvaa tepe ya nne waliona foleni nzima imesimama miaka 5 bila mtu kutoka. Askari aliyewahi kungoja kupandishwa cheo huku waliomtangulia wakiongezewa mkataba hana haja ya kuelezwa uchungu huo.

Pa pili ni pabaya zaidi: namba haihami. Rubani akitoka shirika moja kwenda jingine, hata kama alikuwa wa kwanza, kule atakuwa wa mwisho. Mashirika mawili yakiungana, vita huanza: orodha mbili zichanganywe vipi? US Airways na America West ziliungana mwaka 2005, na marubani wao wakagombana juu ya orodha kwa miaka mingi, mahakamani na nje ya mahakama, hata shirika likaingia katika muungano mwingine mwaka 2013 ugomvi ukiwa haujaisha. Na shirika likifa, namba hufa nalo. Eastern na Pan Am za Marekani zilipofungwa mwaka 1991, watu wenye mvi waliokuwa wakichagua safari za Paris walijikuta wakiomba kiti cha kulia mahali pengine, wakipokea maagizo ya vijana waliolingana na watoto wao.

Sisi tuliyaona hayo mapema zaidi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kuruka mwaka 1946, likiwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kwa pamoja, na makao yake yakiwa Nairobi. Marubani wake kwa miaka mingi walikuwa Wazungu, na hapo ndipo utangulizi ulipomwumiza Mwafrika mara ya kwanza. Hata baada ya uhuru, kijana aliyeruhusiwa kuingia alikuta foleni imekwisha kujaa watu walioingia zama ambazo yeye hakuruhusiwa hata kuusogelea mlango. Orodha isiyopendelea mtu iliendelea kubeba upendeleo wa jana. Waethiopia walipita njia hiyo pia: shirika lao lilianza kuruka mwaka 1946 kwa msaada wa Wamarekani, na ilikuwa mwaka 1957 ndipo Alemayehu Abebe alipokuwa Mwethiopia wa kwanza kushika uongozi wa ndege yao ya abiria.

Vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wameanza kupanda. Mwaka 1971 Jumuiya ilifungua chuo cha urubani Soroti, hapa Uganda, ili wapatikane wengi zaidi. Kisha mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la pamoja likaanguka kwa ugomvi wa fedha na siasa za nchi tatu. Kenya ilianzisha lake mwezi Januari mwaka huo, Tanzania ikafuata mwezi Machi, na Uganda ilikuwa imekwisha kuandikisha lake mwaka 1976. Rubani aliyekuwa akipanda ngazi moja akaikuta imekatwa vipande vitatu. Lile la Uganda nalo likafungwa mwaka 2001, na kwa miaka 18 nchi haikuwa na shirika lake la taifa. Waliobaki na leseni walitawanyika Nairobi, Kigali, Ghuba na kwingineko, kila mmoja akianza chini ya orodha ya watu wengine.

Ndiyo maana nimemtaja mkimbizi wa Nakivale mwanzoni. Miongoni mwa waliokaa kando ya ziwa lile wapo walimu wakuu, waganga, mahakimu, na askari wa zamani wa majeshi ya nchi zao. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kwenda huku na huko, na kwa hilo nchi yetu imesifiwa. Lakini hakuna sheria iwezayo kumrudishia mtu miaka yake 20 ya utangulizi. Mganga aliyekuwa akiongoza wodi Bukavu huandikishwa kwa tarehe ya kufika, hupewa nafasi nyuma ya mkulima aliyefika wiki iliyopita, na vyeti vyake hungoja kutambuliwa. Wala mkulima yule hakukosea. Yeye ametangulia.

Askari wa Uganda wanalijua hili bila kufundishwa. Mwaka 1979 jeshi la Idi Amin lilisambaratika, na aliyekuwa na miaka 15 ya utumishi akawa si kitu. Mwaka 1986 likaanguka jeshi la UNLA, na waliokuwa wakubwa jana wakawa raia, au wakaanza upya chini ya vijana waliotoka msituni. Utangulizi una nguvu maadamu nyumba imesimama.

Sasa tuje Mbarara, mwezi Septemba 1972. Wafuasi wa Milton Obote waliokuwa Tanzania walipanga kuivamia Uganda ili wamwondoe Amin. Kikosi kimoja kilikuwa kiingie kwa barabara kuelekea Masaka, na kingine kuelekea Mbarara; katika hiki cha pili alikuwamo Yoweri Museveni na kundi lake la FRONASA. Lakini sehemu iliyobeba matumaini makubwa ilikuwa ya angani. Ndege aina ya DC-9 ya Shirika la Afrika Mashariki ichukuliwe Dar es Salaam, iwapakie wapiganaji Kilimanjaro, iwashushe Entebbe ghafla, uwanja utekwe kabla Amin hajazinduka.

Ndege ilichukuliwa kweli, ikaruka hadi Kilimanjaro, na hapo wakati wa kutua matairi yake yakapasuka. Safari ya Entebbe ikafa uwanjani. Masimulizi yaliyoandikwa baadaye husema kwamba rubani hakuwa na uzoefu wa kutosha wa ndege ya aina ile. Mwenye kujua DC-9 haoni ajabu: ni ndege ya jeti, nzito na yenye mbio, na zilikuwa zimeingia shirikani miaka michache tu iliyotangulia. Katika utaratibu wa kawaida mtu hafiki kwenye kiti chake cha kushoto ila baada ya miaka katika kiti cha kulia, na kabla ya hapo miaka katika ndege ndogo zaidi. Ngazi ile inayowachosha vijana ndiyo inayohakikisha kwamba aliyefika juu amekwisha kukutana na mvua, giza na njia fupi ya kutulia, akiwa na mkubwa pembeni wa kumkemea. Katika mpango wa 1972 hapakuwa na ngazi, palikuwa na haraka.

Waliokwenda kwa barabara hawakusimama. Tarehe 17 Septemba waliishambulia Mbarara bila msukosuko wowote wa Entebbe kuwasaidia. Kambi ya Simba haikutekwa, wakarudishwa nyuma, na wengi wakapoteza maisha. Hapana shaka zilikuwapo sababu nyingine za kushindwa kwao, nao wanahistoria wamezieleza. Lakini vijana waliokufa katika barabara za Mbarara walikuwa wameahidiwa ndege.

Nisije nikaeleweka kwamba mkubwa siku zote ndiye mwenye haki. Ndani ya chumba cha marubani utangulizi umewahi kuua watu wengi kuliko kutokujua. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na moja ya Pan Am, zilikuwa katika njia moja ndani ya ukungu. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake. Rubani msaidizi wake alikuwa mgeni katika ndege hiyo, na yule yule mkubwa ndiye aliyempa mtihani wake miezi michache kabla. Ndege ilipoanza kukimbia bila ruhusa ya kuruka, mhandisi aliyekaa nyuma yao aliuliza kama ile ya Pan Am imekwisha kutoka njiani. Mkubwa akajibu kwa mkato kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Watu 583 wakafa.

Karibu zaidi na kwetu ni ajali ya Douala, Kamerun, usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007. Boeing 737 ya Kenya Airways, mpya, iliruka ikielekea Nairobi katika usiku wa dhoruba, na kabla dakika mbili hazijatimia ilikuwa imezama katika matope ya mikoko. Watu wote 114 walifariki. Rubani mkuu alikuwa na miaka 52, msaidizi miaka 23. Wachunguzi walieleza kwamba mtambo wa kujiendesha haukuwa umeshika ingawa mkubwa alidhani umeshika. Ndege ikawa inalala upande wa kulia polepole katika giza, na hakuna aliyekuwa akifuatilia vipimo vilivyo mbele yao. Walieleza pia kwamba mkubwa alikuwa mtu mwenye kauli nzito kwa walio chini yake, na kijana alikuwa mtu mpole, na kwamba ushirikiano baina yao ulikuwa haba.

Tangu Tenerife mashirika yalianza kufundisha jambo ambalo kwa mtu wa jeshi husikika kama uasi. United ya Marekani ilitangulia mwaka 1981, na leo mafunzo hayo ni ya lazima karibu duniani kote. Mdogo hufundishwa kusema, tena kwa sauti na kwa maneno yasiyo na adabu ya kuzungukazunguka: mwinuko uko chini, ndege inalala, tusitue, turudi juu. Akisema mara mbili asipate jibu, anaruhusiwa kuushika usukani. Na mkubwa hufundishwa jambo gumu zaidi, nalo ni kuuliza, "Wewe unaonaje?" kabla hajatoa uamuzi, na kunyamaza kidogo apate kujibiwa.

Kwa maoni yangu marubani wamefaulu hapo kutenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya. Utangulizi wanautumia kugawana likizo, vituo na safari, ambako ni chombo kizuri kwa kuwa hauna mjomba. Ndege ikishaanza kukimbia njiani, namba huachwa chini, na anayeona hatari ndiye mwenye neno. Sisemi askari amjibu afande katika gwaride. Lakini dereva wa lori la jeshi anayeuona ukingo wa barabara ya Isingiro umelainika kwa mvua, na ofisa aliyekaa kando yake akamwambia "twende," amekaa katika kiti cha yule kijana wa Douala.

Tarehe 28 Agosti 2019 Uganda Airlines iliruka tena, kwanza kwa ndege aina ya CRJ900, kisha zikaongezwa Airbus A330 mbili za masafa marefu, ya kwanza ikifika Desemba 2020. Shirika jipya lina jambo moja lisilopatikana katika shirika kongwe: hakuna tarehe ya kuajiriwa iliyotangulia kuanzishwa kwake. Mtu aliyeruka nje miaka 20 na kijana aliyetoka chuoni wanaweza kukutwa na tarehe zinazokaribiana, ingawa saa zao za kuruka zikapishana kwa maelfu. Kwa leseni ya juu ya rubani wa abiria zinatakiwa saa 1,500, na saa hizo haziazimwi.

Kijana wa Mbarara anayeitamani kazi hiyo leo ataanzia Soroti kama waliomtangulia. Akiajiriwa, atawakuta mbele yake walioingia mwaka 2019. Aliyeingia mwaka huo akiwa na miaka 30 anaruhusiwa kuruka hadi mwaka 2054, kama afya yake itakubali na umri wa kustaafu hautaongezwa tena.